"Ineligible": neno lililomvua ubunge naibu waziri mkuu wa Australia

Oktoba 27, 2017, Mahakama Kuu ya Australia iliamua kwamba Barnaby Joyce, naibu waziri mkuu wakati huo, hakustahiki kuchaguliwa kuwa mbunge. Joyce alizaliwa Australia, lakini baba yake alizaliwa New Zealand. Hivyo alikuwa raia wa nchi hiyo jirani kwa nasaba. Kifungu cha 44 cha katiba kinamzuia raia wa nchi ya kigeni kuingia bungeni.

Neno la Kiingereza linalotumika hapo ni "ineligible". Chimbuko lake ni kitenzi cha Kilatini, eligere, yaani kuchagua kimoja kati ya vingi. Kwa asili, basi, ni "asiyeweza kuchaguliwa". Kiswahili husema "hastahiki", neno la Kiarabu lenye undugu na "haki", na ndiyo sababu huwa zito zaidi masikioni.

Anayepokea barua ya ofisi yenye neno hilo hajaambiwa kwamba hafai. Ameambiwa kwamba kuna sharti hajalitimiza, na masharti mengine hutimizika baadaye. Joyce, aliyekuwa ameshaukana uraia wa New Zealand kabla ya hukumu, aligombea tena jimbo lake la New England Desemba 2 mwaka huohuo, akashinda.