Bastola ya bei rahisi: Pesa ilipunguzwa wapi?

Kama wewe hutazama video za bastola za Marekani, lazima umekutana na Taurus G2C. Kampuni ni ya Brazil, risasi ni za milimita 9, magazini hubeba 12, na bei huko ni kama nusu ya Glock.

Usicheke plastiki, msee. Glock ilianza na fremu ya polima miaka ya 1980 na leo polisi wa nchi nyingi wanaibeba. Mtutu na slaidi bado ni chuma.

Basi pesa ilipunguzwa wapi? Kwa triga, ambayo unaivuta weee kabla ifyatue, na kwa saiti za plastiki. Hayo utazoea. Kisichozoeleka ni bastola kulia yenyewe ikianguka. Taurus ilishtakiwa Marekani kwa madai hayo, kuhusu modeli za zamani kama PT-111 Millennium, na mwaka 2015 ikakubali kuimaliza kesi kwa fidia. G2C haikuwemo, ila imetoka ukoo huohuo. Mimi ningeulizia hilo kabla ya bei.

Na hapa Kenya, bila leseni, hata ya bure itakupeleka jela.