Mafuta ya Alizeti na Baridi ya Ufipa

Mji wa Sumbawanga umejengwa juu ya uwanda wa Ufipa, mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ifikapo baridi ya Juni na Julai, mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa kwa mashine ndogo hupoteza ung'avu wake, na mashapo meupe hutuama chini ya dumu. Mnunuzi huweza kudhani kwamba yamechakachuliwa, au kuhofu kwamba yatamgandia vivyo hivyo katika mishipa ya damu.

Mashapo hayo kwa kawaida ni nta, ambayo asili yake ni ganda la mbegu. Joto la ukamuaji huiingiza katika mafuta. Baridi huigandisha ikawa chembe. Mafuta yakipashwa moto, chembe hizo huyeyuka tena. Kiasi chake ni kidogo, wala si sumu.

Viwanda vikubwa huiondoa kwa kutumia baridi iliyopimwa. Mafuta hupozwa polepole hadi nyuzi chache za Selsiasi, huachwa kwa saa kadhaa ili chembe zikue, kisha huchujwa. Njia nyingine ni kuyachanganya kwanza na kiyeyushi kiitwacho heksani: mafuta huwa mepesi, na nta hutengana nayo kwa urahisi zaidi. Heksani hutumika pia kutoa mafuta yaliyosalia katika mashudu. Kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 69 hivi, huvukizwa na kukusanywa ili itumike tena. Lakini mvuke wake hushika moto upesi, na kuuvuta kwa muda mrefu huharibu neva. Haifai kujaribiwa uani.

Lililo la kuhofiwa zaidi halionekani kwa macho. Sumukuvu, inayotokana na kuvu waotao katika mbegu zisizokauka vizuri, haina rangi wala harufu ya kuitambulisha, nayo husababisha saratani ya ini. Sehemu yake kubwa hubaki katika mashudu, na ng'ombe alishwaye mashudu hayo huweza kuipitisha katika maziwa.

Kwa hiyo usalama wa mafuta huanzia shambani na ghalani: mbegu zikaushwe barabara, zilizoota kuvu zitengwe, na gunia lisilazwe juu ya sakafu yenye unyevu. Nyumbani, dumu lifunikwe na kuwekwa mbali na jua. Mafuta yaliyoganda kwa baridi yapashwe na kutumiwa. Yaliyochacha yasipikiwe, hata yakiwa maangavu.