Wastani Upi? Kukadiria Upitishaji Joto katika Miamba ya Matabaka

Katika matumizi ya kila siku, neno wastani huchukuliwa kuwa na maana moja tu: kujumlisha kisha kugawanya. Katika fizikia ya miamba maana hiyo haitoshelezi. Kabla ya kukokotoa wastani, sharti ijulikane kwanza joto linaelekea wapi.

Msingi wa suala hili uliwekwa na Mfaransa Joseph Fourier mwaka 1822. Alionyesha kwamba joto linalopita katika kitu hutegemea badiliko la halijoto kwa kila mita pamoja na upitishaji joto wa kitu chenyewe. Kwa kitu chenye sifa sawa pande zote, tarakimu moja yatosha kueleza upitishaji huo. Sivyo ilivyo kwa mwamba wa matabaka, wala kwa plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni. Hata ubao hupitisha joto vizuri zaidi kwa kufuata nyuzi zake kuliko kwa kuzikata.

Uchukuliwe mfano wa mwamba ambao asilimia 80 ni madini yenye upitishaji wa wati 3 kwa mita kwa kelvini, na asilimia 20 ni vitundu vilivyojaa maji, ambayo upitishaji wake ni takribani 0.6. Iwapo madini na maji vimepangika kimatabaka, na joto likapita sambamba na matabaka hayo, wastani wa kawaida hufaa, na jibu ni 2.52. Joto likiyakata matabaka, halina budi kuvuka kila moja kwa zamu. Hapo kinachojumlishwa ni ukinzani, na jibu hushuka hadi 1.67. Viambajengo ni vilevile na uwiano ni uleule. Kilichobadilika ni mwelekeo.

Mwaka 1912 Otto Wiener alibainisha kwamba majibu hayo mawili ndiyo mipaka: mpangilio wowote ule wa viambajengo hivyo hutoa thamani iliyo kati yake. Mwaka 1962 Hashin na Shtrikman waliikaribisha mipaka hiyo, lakini kwa michanganyiko yenye sifa sawa pande zote. Aidha, maji yakiondolewa na vitundu vikajaa hewa, yenye upitishaji wa takribani 0.025, mipaka huwa 2.41 na 0.12. Pengo hilo ni kubwa mno. Hapana budi kuchunguza pia umbo la vitundu na jinsi vinavyoungana. Kwa mantiki hiyo, sampuli iliyokaushwa maabarani haiwezi kuusemea mwamba uliolowa ardhini.

Athari zake si ndogo. Halijoto ikiongezeka kwa nyuzi 30 kila kilomita moja kwenda chini, na matabaka ya mwamba wa kwanza yakiwa yamelala, joto linalopanda huyakata, nalo ni miliwati 50 kwa mita mraba. Atakayetumia kipimo kilichochukuliwa sambamba na matabaka atapata 76, yaani zaidi kwa nusu nzima, na huenda akatarajia jotoardhi ambalo halipo.

Kwa mwanaistilahi, basi, neno wastani likiachwa peke yake huficha kosa. Linahitaji kivumishi: wastani sambamba, au wastani wa mfuatano.