Mwizi Asiyevunja Mlango

Tangu zamani wazee wetu walijua kutunza mambo ya nyumba. Mgeni akifika alipewa kiti na maji, lakini hakuonyeshwa mahali feza ilipofichwa, wala hakuambiwa ni siku gani baba atakuwa safarini. Hakuna aliyeita jambo hilo choyo. Leo jamaa ileile yatangaza katika simu kwamba baba amekwenda Kinshasa kwa majuma mawili, yaweka picha ya mtoto pamoja na jina la shule yake, na habari hizo zasomwa na watu wengi wasiojulikana nyumbani. Kisha twashangaa mwizi alijuaje.

Tuweke mfano. Mama mmoja wa Bukavu yuko sokoni. Katika WhatsApp apata ujumbe wa mwenyekiti wa shirika lake: «Mama, samahani, nimeandika namba yako kwa makosa. Tarakimu sita zitakufikia, unirudishie upesi.» Na kweli tarakimu zafika. Mama amjua sana mwenyekiti, walisali pamoja jana jioni, basi amtumia. Baada ya dakika chache WhatsApp yake yafungwa. Ndugu zake wa Lubumbashi, wa Goma, hata wa Ubelgiji, waanza kuombwa feza ya hospitali kwa jina lake na chini ya picha yake. Wengine watuma upesi, kwa kuwa wampenda.

Imekuwaje? Mtu yeyote aweza kuandika namba yako katika simu yake na kudai kwamba yeye ndiye mwenyewe. Kampuni, ili kuhakikisha, hutuma tarakimu sita kwa namba ile, yaani kwako wewe. Atakayeziandika ndiye atakayepewa akaunti. Mwizi hakuhitaji elimu kubwa ya mitambo. Alihitaji tu kwamba mama asisite. Na yule mwenyekiti hakuandika neno hata moja: yeye naye alikuwa ameibiwa asubuhi kwa njia hiyohiyo. Hivi ndivyo wizi huu unavyosafiri, kutoka rafiki hata rafiki.

Tusidhani kwamba hila hii ilizaliwa pamoja na simu. Huko Ufaransa, katika karne ya 19, Vidocq, mhalifu wa zamani aliyepata kuwa mkuu wa wapelelezi wa Paris, alieleza juu ya zile zilizoitwa «barua za Yerusalemu». Wafungwa walitafuta kwanza majina ya matajiri wa mikoani, kisha waliwaandikia: mimi ni mtumishi wa bwana mkubwa aliyekimbia Mapinduzi, tulificha sanduku la mali, nisaidie kwa feza kidogo nami nitakuonyesha mahali lilipo. Vidocq alisema kwamba katika barua mia, ishirini zilijibiwa. Mfungwa yule alitaabika kupata jina na makao ya mtu. Mwizi wa leo hataabiki: majina ya watoto wetu, ugonjwa wa bibi, sikukuu ya ndoa, vyote amewekewa mezani.

Hatari yazidi mahali palipo na feza. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika katika nchi yetu mwaka 2012, na leo wazazi wengi hulipa feza ya shule kwa njia ya simu. Ni msaada mkubwa. Hatutaki kuusema vibaya. Lakini tumeona kwa macho yetu jambo linalotusikitisha: mzee afika kwenye kibanda, ampa kijana simu yake, na kwa sauti inayosikika barabarani amtajia namba ya siri. Kijana huyo labda ni mwaminifu, lakini wale waliosimama nyuma ya mzee, je, nao ni waaminifu? Wakala hahitaji namba hiyo kwa kazi yoyote. Ninyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, keti na babu jioni moja, umfundishe kubonyeza tarakimu zake mwenyewe, nawe ugeuze uso wakati anapozibonyeza.

Kuna na yule asemaye: «Nimekutumia dola hamsini kwa makosa, tafadhali rudisha, ni feza ya mgonjwa.» Ujumbe wafanana kabisa na ule wa kampuni. Mtu mwema huona haya kukawia. Lakini maandishi si feza. Kwanza atazame salio lake, maana mara nyingi hakuna kilichoingia. Vivyo hivyo picha ya kadi ya mchaguzi, ambayo kwetu hutumika kama kitambulisho: anayeahidi kazi au mkopo na kuiomba kupitia simu aweza kutumia jina lako katika mambo usiyoyajua. Sheria ipo, ile ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, nayo yalinda habari za mtu binafsi. Hata hivyo, feza iliyokwisha kutolewa kibandani ni vigumu kurudi.

Yafaa basi kuweka kufuli ya pili. Katika WhatsApp, upande wa mipangilio, kisha akaunti, mna uthibitisho wa hatua mbili: mwenyewe huchagua tarakimu sita nyingine, ambazo hazitumwi kwa ujumbe. Mwizi akipata zile za kwanza, atakwama kwenye hizi. Na ndugu akiomba feza kwa maandishi, apigiwe simu asikike sauti yake.

Yule mama wa Bukavu afanye nini? Wengi hunyamaza siku nzima kwa haya, na siku hiyo nzima mwizi huendelea kuomba. Asinyamaze. Aazime simu ya jirani, awapigie watoto wake na wenzake wa shirika mara moja, ili wasitume kitu; na aliyekwisha kutuma aite kampuni ya simu kabla feza haijatolewa. Kisha aandike tena namba yake katika WhatsApp. Tarakimu sita mpya zitamfikia yeye, na saa ile atakapoziingiza, mwizi atatolewa nje.