Kabla Hujatoa Pesa ya Redio Kaseti (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliifuata redio kaseti tangu kuzaliwa kwake: kanda ndogo ya Philips iliyoonyeshwa Berlin mwaka 1963, viwanda vya Japani vilivyoieneza ikiwa ndani ya redio ya kubeba mkononi, na njia ndefu iliyoifikisha Tanga. Tulikumbuka mpaka wa Kenya uliofungwa kuanzia Februari 1977 hadi Novemba 1983, kisha bajeti ya mwaka 1984 iliyoruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Baada ya hapo redio zenye mng'ao wa fedha zilizidi kuonekana hata huku kwetu, mabegani mwa vijana waliotoka mashamba ya mkonge siku ya mshahara. Leo tunakwenda kununua.

Vijana wengi siku hizi wanazitaka redio hizi kwa sura zake, na siwalaumu. Lakini namwomba kila anayeitaka aanze na sanduku la kanda, redio ifuate. Ingia chumbani kwa mama au kwa bibi, uliza kwa heshima, chungulia uvunguni. Hapa Mashewa utakuta Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga mjini, taarabu ya Black Star na Lucky Star, kwaya, mawaidha. Chini ya hizo utakuta kanda zisizo na picha, zimeandikwa kwa kalamu tu: Harusi. Maulidi. Barua ya kaka. Nyimbo za Atomic Jazz utazipata hata kwenye simu, lakini ile iliyoandikwa Harusi nakala yake duniani ni hiyo moja, nayo imekaa miaka 35 juani na mvuani chini ya bati.

Tuelewe pia kwa nini kanda hizo ni nyingi hivyo. Bendi za bara zilirekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam kwenye mikanda mikubwa ya studio, na sahani za santuri zilipochapwa, zilichapwa Nairobi. Msikilizaji wa Mashewa au Handeni aliyetaka wimbo ubaki kwake alikaa na kidole juu ya kitufe chekundu cha kurekodia akimngoja mtangazaji amalize kusema. Kwa hiyo redio kaseti kijijini ilikuwa studio, ilikuwa duka la muziki, ilikuwa posta. Ninapomshauri mtu ninaitazama kwa jicho hilo.

Nina kanda moja ya bibi yangu mzaa mama akisimulia kwa Kisambaa habari za ujana wake. Aliyemrekodi ni mjomba, kwa redio ya National ya spika moja. Miaka mingi baadaye niliitia kanda ile kwenye redio niliyoinunua mjini kwa bei kubwa, yenye spika nne na taa za kucheza kila mdundo. Bibi alisikika kama mtu anayeongea ndani ya debe lililofunikwa. Nilidhani kanda imekufa. Baadaye fundi mmoja alifungua kidirisha cha kanda, akanionyesha skrubu ndogo yenye springi pembeni ya hedi, kile chuma laini kinachogusana na utepe. Akaizungusha kidogo sana, chini ya robo ya mzunguko, na bibi akatoka ndani ya debe. Nilimsikia akivuta pumzi kabla ya kucheka.

Sababu yake ni hii. Mwanya wa hedi unatakiwa usimame wima kabisa juu ya utepe. Redio ya mjomba ilikuwa na hedi iliyoinama kidogo, na kila ilichorekodi kilikaa kwa mwinamo uleule. Kanda kama hiyo ukiipiga kwenye redio yenye hedi iliyonyooka, sauti nyembamba zote hupotea, na konsonanti ndizo zinazotangulia kupotea. Basi ukienda kununua, beba kanda yako mbaya kuliko zote. Muuzaji atakuwa na kanda yake mpya inayolia vizuri. Isikilize kwa adabu, kisha itie ya kwako. Redio ambayo skrubu hiyo inafikika kwa bisibisi nyembamba bila kupasua bodi nzima ina thamani kwetu kuliko yenye vitufe 20. Na kabla ya kuigusa, weka alama ya rangi ya kucha mahali ilipokuwa, ili uweze kuirudisha kwa ajili ya kanda nyingine.

Ile redio ya spika nne, kwa taarifa yako, ilikuwa na spika mbili. Nilipoifungua nyumbani nilikuta zile mbili ndogo za juu ni plastiki tupu iliyochongwa mfano wa spika, haina hata waya. Udanganyifu huu ulienea sana katika redio za bei rahisi za miaka ya mwisho ya 1980 na 1990, zilizoiga zile kubwa za Kijapani. Dawa yake ni mikono. Inyanyue redio: sumaku za spika na mota nzuri zina uzito, na redio kubwa iliyo nyepesi kama chano cha plastiki imejaa hewa. Kisha sogeza sikio karibu na kila spika moja moja wakati kanda inalia.

Nikiwa bado sokoni, natazama mambo mengine kwa haraka. Nafungua nyumba ya betri kwanza. Ukungu mweupe au wa kijani kwenye springi maana yake betri ziliachwa zikavuja. Kidogo hukwanguliwa, lakini ukiona umepanda hadi kwenye nyaya, achana nayo. Nabonyeza kupeleka mbele na kurudisha nyuma. Mota ikilia lakini kanda haizunguki, mara nyingi ni beliti ya mpira iliyolegea au iliyoyeyuka ikawa kama lami, na hiyo si sababu ya kuikataa redio, ni sababu ya kupunguza bei. Beliti hubadilishwa. Sikubali tu beliti iliyokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, kwa kuwa unene wake haulingani na sauti huyumba. Utepe unatakiwa upite mbele ya hedi sentimita 4.76 kila sekunde bila kusita. Ukiona mwimbaji wa kike anakuwa mzee wa kiume katikati ya ubeti, jaribu betri mpya kabla hujailaumu mota. Nobu ya sauti inayokwaruza husafishika. Kile kiroli cha mpira mweusi kinachobana utepe ndicho cha kukitazama sana: kikiwa kigumu kinang'aa kama kioo, ndicho kitakachotafuna kanda ya harusi.

Sasa suala la umeme, ambalo kwa mtu wa Mashewa ni la pesa kuliko yote. Redio hizi hutumia betri kubwa za tochi, kila moja volti 1.5. Zenye betri 6 ni za volti 9, zenye 8 ni za volti 12, na zile pana kama sanduku la safari hubeba hata 10. Wazee wetu walianika betri juani ili ziwahi taarifa ya habari ya jioni, na redio nyingi zilinyamaza kabisa betri zilipoisha. Leo nyumba nyingi zina sola yenye betri ya volti 12. Tafuta basi redio ya betri 8 yenye tundu la umeme wa nje lililoandikwa DC 12V. Hiyo itakula moja kwa moja kwenye betri ya sola bila kifaa cha katikati. Angalia tu mchoro mdogo pembeni ya tundu unaoonyesha chanya iko wapi, kwa sababu redio nyingi za Kijapani huweka hasi katikati na chanya nje, na ukigeuza unaichoma. Wakati paneli inachaji saa za mchana, volti hupanda kupita 14; mimi huipiga yangu jioni.

Mgongoni kuwe na swichi ya kuchagua 110 au 220. Redio iliyotengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe haina swichi hiyo, maana kwao umeme ni volti 100, na ukiichomeka ukutani kwetu hutasikia wimbo wa pili. Utaitambua pia kwa masafa yake ya FM: yanaanza 76 na kuishia 90, sawa na redio za magari yanayotoka huko. Stesheni zetu nyingi ziko juu ya 90, kwa hiyo haitazishika. Wauzaji huzishusha bei redio hizi kwa kuwa wateja huzirudisha. Kama wewe shida yako ni kanda, na una betri au sola, hapo ndipo pa kununulia. Nimeona redio nzuri mno za Kijapani, zenye mitambo ya chuma tupu, zikiuzwa kwa bei ya spika ndogo ya flash kwa kasoro hii tu.

Anayetaka na kusikiliza matangazo akumbuke mahali tulipo. Bonde la Lwengera limebanwa na Usambara ya Mashariki upande mmoja na ya Magharibi upande wa pili, na FM husafiri kwa kunyooka kama macho. Mlima ukikaa katikati, sauti hubaki nyuma yake. Mawimbi ya kati na mawimbi mafupi yana njia zake za kupita. Ndiyo yaliyowafikishia wazee wetu Redio Tanzania, na Idhaa ya Kiswahili ya BBC tangu 1957, na ya Deutsche Welle tangu 1963. Redio yenye bendi nne na antena isiyovunjika ina faida huku kwetu ambayo mtu wa Dar es Salaam hataiona.

Na urembo? Upo, na ni haki ya mnunuzi. Mimi napenda zile za kati ya mwaka 1978 na 1984: uso wa rangi ya fedha, mishale miwili ya sauti inayotikisika, nobu za kuzungusha zenye uzito kidoleni. Majina makubwa kama JVC RC-M90 yanawindwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, na bei yake haituhusu. National, Sanyo, Sharp na Hitachi za kanda moja zimetoka kiwanda kimoja cha mawazo, na ni nzuri machoni. Redio ya kanda moja ina mitambo michache ya kuharibika kuliko ya kanda mbili, nayo ina uso uliotulia zaidi.

Usianzie kwa muuzaji wa mitumba. Anzia kwa mafundi redio wa Korogwe na Handeni, na Ngamiani ukifika Tanga. Kwenye rafu za juu, chini ya vumbi, kuna redio ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Fundi anajua ugonjwa wa kila moja na atakutajia bila kificho. Taja bei baada ya kuhesabu beliti, kiroli na antena, na umlipe yeye huyohuyo azifunge.

Wiki ijayo tutaunganisha redio na simu na kuzihamisha sauti zile moja baada ya nyingine. Kabla ya hapo, zitoe kanda chini ya bati, ziweke kivulini penye hewa, na uvunje vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kila kanda. Vikishatoka, kitufe chekundu hakibonyezeki tena, hata mtoto akikikalia.

Itaendelea.