Jahazi la Lamu: nani huamua kuwa kitu ni taka?
Mwaka 2019 jahazi liitwalo Flipflopi lilisafiri kutoka Lamu, Kenya, hadi Zanzibar, takriban kilomita 500. Mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliyeyusha plastiki iliyotupwa, yapata tani 10, ikawa mkuku, mataruma na mbao. Kisha wakalivika jahazi vipande vya kandambili zipatazo 30,000 zilizookotwa fukweni.

Kandambili ikikatika ukanda huitwa taka, si kwa kuwa imekwisha manufaa, bali kwa kuwa mpya hununuliwa kwa bei ndogo. Thamani, basi, haimo katika kitu peke yake. Jamii ndiyo huipanga. Nayo huwapangia hata watu: jahazi hupokewa kwa shangwe, ilhali aokotaye taka kila siku angali hudharauliwa kama anachokiokota.