Kisukari Kina Anwani

Mtu akigundulika na kisukari cha aina ya pili, swali la kwanza huwa: anakula nini? Ni swali la haki, lakini kuna jingine tunalolisahau: anaishi wapi?

Nchini Marekani, utafiti mkubwa wa afya ya Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, uliwapima watu wazima zaidi ya 16,000 wa Bronx, Chicago, Miami na San Diego kati ya 2008 na 2011. Asilimia 16.9 walikuwa na kisukari. Ila kwa wenye asili ya Amerika Kusini ilikuwa asilimia 10.2, na kwa wenye asili ya Mexico 18.3. Neno "Mlatino" peke yake, basi, halitoshi kueleza ugonjwa huu.

Mtaa huingia mwilini kwa njia nyingi. Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, hata pale insulini inapokuwa dhaifu. Mama anayeogopa kutoka jioni kwa sababu njia haina taa huikosa dawa hiyo ya bure. Hofu ya kila siku nayo hupandisha kotisoli, homoni inayolichochea ini kumwaga sukari kwenye damu. Hata hewa imo: huko Los Angeles, watafiti waliwafuatilia watoto wa Kilatino wenye uzito uliozidi, wakaona kwamba kwa waliovuta hewa chafu zaidi, uwezo wa mwili kuitikia insulini ulipungua haraka zaidi.

Utasema huo ni umaskini tu, si mtaa. Lakini kuna jaribio linalojibu hoja hiyo. Kuanzia 1994 hadi 1998, serikali ya Marekani iliendesha bahati nasibu katika miji mitano kwa familia za kipato cha chini, wengi wao Weusi na Walatino. Baadhi walipewa hati ya kulipiwa sehemu ya kodi ya nyumba, kwa sharti la kuhamia mtaa wenye maskini wachache. Zaidi ya miaka kumi baadaye, wanawake waliopewa hati hiyo walipimwa HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu. Waliofikia kiwango cha kisukari walikuwa pungufu kwa takriban pointi 4 za asilimia kuliko wasiopewa. Mapato yao hayakuwa yamepanda kwa kiasi cha kuonekana. Kilichobadilika ni mtaa.

Sisemi watu wahame. Mitaa ya Walatino ina hazina yake: ndugu, lugha, na wanawake waitwao promotoras, majirani waliofunzwa wanaopita nyumba kwa nyumba wakielekeza wagonjwa kwa Kihispania. Hazina hiyo inastahili taa, njia za miguu na hewa safi.

Daktari anapomwambia mgonjwa atembee nusu saa kila siku, amwulize pia atatembea wapi. Mgonjwa akikosa jibu, anayedaiwa ni halmashauri ya mji.